Kichwa cha Tindo

Kitu cha kwanza nilichofua nilipofika Temeke nilikifua ili nimpige nacho mtu. Ilikuwa nyundo. Mtu mwenyewe alikuwa fundi mwenzangu, Mzaramo mmoja mnene, ambaye nilimwamkia shikamoo na kumwomba nyundo yake kwa adabu zote. Akanijibu mbele ya watu kwamba pale nyundo haiazimwi, kama mke asivyoazimwa. Wenzake wakacheka. Nikaokota kipande cha ekseli kwenye vyuma chakavu, nikakipasha moto, nikawa nakigonga kwa kipande kingine cha ekseli hiyohiyo, na kila pigo nilikuwa nauona uso wake pale chini. Mpaka namaliza kutia mpini jua limezama na yeye ameshaondoka kwenda kwake. Kesho yake aliishika ile nyundo, akaipima uzito mkononi, akasema, "Sasa umekuwa fundi." Hakujua nilikuwa nimemfulia yeye.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kibanda chetu. Mtu hakuazima chombo cha mwenzake. Nyundo, koleo, tindo, kila mmoja alijifulia vyake, na ukiona fundi ana koleo baya ujue ni yeye mwenyewe mbaya. Mimi ni Mpare, uhunzi kwetu ni wa ukoo, na nilikuwa na kiburi cha kutosha kwa ajili ya ukoo mzima. Tindo zangu za kutobolea matundu zilikuwa nzuri kuliko za mtu yeyote pale, na nilikuwa nawaambia hivyo, ndiyo maana sikupendwa sana.

Tindo si kitu kikubwa. Ni kipande cha chuma kigumu cha urefu wa shubiri, upande mmoja ncha, upande wa pili kichwa. Mmoja anaishika juu ya bapa la chuma, mwingine anapiga kichwani kwa nyundo kubwa, na ncha inapenya inaacha tundu. Mimi zangu nilizifua kwa springi za malori yaliyokufa. Springi ni chuma chenye roho mbaya. Ukiipasha kidogo haikubali, ukiipasha sana inaungua na kumeguka, inabidi uivizie ikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, uipige haraka, uirudishe. Ukishapata umbo unaipasha mara ya mwisho na kuchovya ncha peke yake kwenye oili chafu, kisha unaisugua haraka ing'ae, unatazama joto lililobaki juu likishuka na rangi zake mpaka ncha iwe na rangi ya majani makavu. Hapo unaizima. Kichwa hakichovywi. Kichwa lazima kibaki laini, kipondeke, kichanue pembeni kama uyoga, maana kinapigwa na chuma, na chuma kigumu kikipigwa na chuma kigumu kinarusha vipande. Vipande hivyo huvioni vikija. Nimeona kimoja kikipita kwenye shavu la mtu na kutokea mdomoni pamoja na jino.

Kwa hiyo tulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeibishia. Tindo mpya, aliyeifua ndiye anaishika, mwingine anapiga. Uso wako ndio unakuwa juu yake. Mpaka kichwa kijulikane kimekaaje, hakuna mtu mwingine anayeigusa.

Halafu tukafanywa ushirika. Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, kila kitu kinawekwa pamoja, na mimi nilikubali kwa moyo mweupe, maana makaa na vyuma vilikuwa vimeanza kuwa adimu na peke yako hupati. Mwenyekiti wetu alikuwa fundi bati aliyependa mikutano kuliko bati. Siku moja akaleta sanduku la mbao lenye kufuli akasema zana zote ni mali ya ushirika, zote ziingie humo, kila asubuhi mtu achukue itakayomjia mkononi. Na kila mwanachama aongeze zana mpya, asiyekuwa nazo afue. Na alama za watu zisuguliwe kwa tupa, zisionekane tena, maana alama ni ubinafsi. Tindo zangu zilikuwa na mikato miwili shingoni. Aliusugua wa kwanza yeye mwenyewe, mbele yangu, huku akitabasamu.

"Atakayeshika tindo yangu ikamla," nilisema, "asije kulia kwangu."

"Ndugu, hayo ni maneno ya kinyonyaji," alisema mwenyekiti.

Nilimkamata ukosi nikambamiza kwenye nguzo, shati likachanika hadi kitovuni. Ningemng'oa hata meno, lakini mkono ulinishika shingoni kwa nyuma, ukaninyanyua na kunitupa kwenye rundo la makaa. Ulikuwa wa mpiga nyundo wetu, Mmakonde mmoja mkubwa, mkimya, ambaye hakuwahi kunikosea jambo na hata siku ile alinitupa bila chuki. Nililala pale mdomo umejaa vumbi la makaa, na kibanda kizima kimesikia nilichosema. Sikukifuta. Mpaka leo sioni kwa nini ningekifuta.

Mmakonde yule alikuwa na mdogo wake. Walitoka Newala wakiwa wachonga vinyago, na hapa mjini walichonga kwa muda mpaka mpingo ukawa shida kupatikana, ndipo wakaja kwenye chuma. Patasi zao za kuchongea walikuwa bado nazo, kwenye gunia kwenye kona, na mara mojamoja mkubwa alizitoa akazipaka mafuta. Mdogo alikuwa mwembamba, mcheshi, ndiye mtu pekee pale aliyenitania nikacheka. Alikuwa ananiambia Wapare tunaweza kushitakiana mahakamani kwa ajili ya kivuli cha mgomba. Amri ya kuongeza zana ilipotoka alinijia akaniomba kipande cha springi kilichobaki, afue tindo yake ya ushirika. Nikampa.

Ajali ilitokea asubuhi, tukitoboa mabapa ya kuvishia magurudumu ya mikokoteni. Mdogo alikuwa ameshika tindo kutoka sandukuni, kaka yake anapiga. Mimi nilikuwa napuliza moto kwa mivukuto, nimewapa mgongo. Mtu akizoea kibanda anasikia nyundo bila kuisikia, lakini pigo lile niligeuka. Halikulia kama chuma, lilipasuka kama sahani. Mdogo alikuwa amesimama, kiganja usoni, akasema "kaka" kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anamwita waende wakale. Kisha damu ikapita katikati ya vidole ikashuka hadi kwenye kiwiko. Kaka yake aliitupa nyundo, akambeba mgongoni, akakimbia naye barabarani, na gari la muuza mkaa likawachukua kuwapeleka hospitali.

Nusu ya tindo, yenye kichwa kilichomeguka upande mmoja, ilibaki chini. Waliiokota wakaigeuzageuza. Hakuna alama, lakini kila mtu aliona kuwa ni springi.

"Springi ni ya Mpare," mmoja akasema.

Mwenyekiti akaifunga kwenye gazeti, akaiweka kwenye meza yake. Mimi ningeweza kwenda nyumbani saa ile. Mzaramo alininong'oneza niende. Sikwenda, kwa sababu sikuwa nimefanya kitu, na kwa sababu nikitazamwa vibaya nina tabia ya kusogea mbele. Nilimwambia mwenyekiti kwamba tindo zangu haziwezi kupasuka kichwa, na kama hiyo imepasuka basi si yangu. Alinijibu kwamba labda niliifua hivyo makusudi. Akawauliza wenzangu kama hawakusikia nilichoapa siku ile. Walikuwa wamesikia.

Yule mkubwa alirudi alasiri, mikono mitupu, damu ya mdogo wake imemkaukia mgongoni.

"Jicho wamelitoa," alisema.

Akachukua mpini wa shoka uliokuwa umeegemezwa ukutani akaja moja kwa moja kwangu. Pigo la kwanza nililikinga kwa mkono, la pili likaingia ubavuni, nikasikia mfupa ukivunjika ndani yangu kabla ya kusikia maumivu. Nilimrushia koleo likampata mdomoni. Hakujipangusa hata. Nilipoanguka wengine nao wakaja, watu niliokula nao mihogo asubuhi ileile, wakawa wananipiga mateke kwa zamu, na nakumbuka mmoja alivua kwanza viatu vyake vipya visichubuke. Majirani wakajaa mlangoni. Mwanamke mmoja akawa anasema wahunzi wa bara wanatia dawa kwenye chuma, kwamba yeye alishajua siku nyingi. "Mmalizeni," mtu akasema, na alisema taratibu, kama mtu anayewashauri wajenzi.

Yule mkubwa akaenda kwenye moto. Akarudi na chuma cheupe kwenye koleo langu mwenyewe, akanikalia kifuani juu ya ule ubavu, akakileta kwenye jicho langu la kulia. Nilisikia harufu ya kope zangu zikiungua. Niliogopa, sitasema uongo, niliogopa mpaka nikajikojolea, na chini ya woga kulikuwa na hasira kubwa zaidi kwamba ninatiwa upofu kwa tindo mbaya ambayo sikuifua.

"Msimuue hapa," alisema mwenyekiti nyuma yake. "Ushirika utafungwa. Tumkabidhi kwa mgambo, wampakie kwenye lori, akalime kijijini huko na wahujumu wenzake."

"Nipeni moto," nikasema. "Nafua nyingine, springi ileile, mbele yenu wote. Naishika mie, unapiga wewe. Ikimeguka jicho lipo palepale, kulichukua hutapata taabu."

Chuma kilikuwa kimeanza kuwa chekundu. Kanuni ilikuwa kanuni yao, hata waliokuwa wananipiga mateke walilelewa ndani yake, na yule mkubwa aliijua. Akakiondoa chuma usoni pangu.

"Siku mdogo wangu akitoka hospitali," alisema. "Atakaa hapa aone kwa hilo jicho lililobaki. Ikimeguka, nalichukua la kwako. Ikikaa, mie na wewe hatudaiani."

Mke wangu alinifunga mbavu kwa kanga, akaikaza kwa goti lake huku analia kwa hasira. Alitaka twende kwetu Upare usiku uleule.

"Baba watoto, watakutoa macho hawa. Twende zetu."

"Nikiondoka nimekubali," nilimwambia. "Watasema Mpare alikimbia, basi ni yeye."

"Waache waseme, utakuwa una macho ya kuwaonea wakisema."

Hakuwa amekosea. Lakini nilimkatalia, na siku zile za kungoja zilimwangukia yeye kuliko mimi. Madirisha yetu yalipigwa mawe. Dukani aliambiwa sukari imekwisha huku anaiona rafuni. Bombani mwanamke mmoja alimwita mke wa mchawi, mke wangu akampiga na ndoo yenye maji mpaka ndoo ikabonyea, akarudi nyumbani bila maji na bila ndoo, kanga imechanika. Nilicheka nikakaribia kuzimia kwa ubavu. Yeye hakucheka. Kila nilipojigeuza kitandani nilikuwa naifua ile tindo kichwani, moto, pigo, moto, pigo, na kila mara inafika kwenye kuchovya najiuliza kama mkono wangu, ulivyovimba, utatulia.

Siku ilipofika kibanda kilijaa. Mdogo alikaa juu ya lile sanduku la zana, bendeji imemzunguka kichwa, amekonda. Nilimpa pole akatazama chini. Kaka yake alisimama karibu na fuawe, lile chuma zito tunalofulia juu yake, mikono kifuani, mdomo wake bado una kidonda cha koleo langu. Nilichagua springi wao wakiona. Niliikata wao wakiona. Nikaomba mtu wa mivukuto, hakuna aliyesogea.

Akainuka yule mdogo. Akaja akashika mivukuto akaanza kupuliza.

"Kaa chini," kaka yake akamwambia.

Hakukaa. Alipuliza mpaka mwisho, jicho lake moja liko kwenye makaa tu, na watu wakawa wananong'ona jinsi alivyo na moyo safi. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Nilifua kwa mkono mmoja na nusu. Kila nikiinua nyundo ule ubavu ulinichoma hadi kwenye meno, na jasho lilinidondoka kwenye chuma likawa linachemka. Nilivuta ncha, nikanyoosha mwili, nikakata kichwa sawa, bapa, nikaondoa kingo zake kwa tupa. Nilichovya ncha. Nikaisugua, nikangoja rangi, na mkono wangu ukatulia, sijui kwa nini, labda ulikuwa umechoka kutetemeka. Nikaizima. Kisha nikamwambia mwenyekiti alete ile nusu iliyovunjika aiweke juu ya fuawe, kila mtu aione, kazi yangu na ile ambayo wanasema ni yangu zikae pamoja.

Niliisimamisha tindo juu ya bapa nene. Nikainamisha uso, karibu kuliko inavyotakiwa. Nilitaka aone jicho langu lilipo.

Alipiga. Sijawahi kushikia mtu anayepiga vile. Alikuwa anapiga kuniua, na tindo ilikuwa katikati tu. Pigo lilipita kwenye viganja, kwenye mabega, likashuka ubavuni, na mimi sikufumba jicho. La pili. La tatu. Kichwa kikaanza kupondeka. Ncha ikapenya, duara la chuma likaanguka chini ya fuawe.

"Lingine," alisema.

Tukatoboa lingine. Na lingine. Jasho lake lilikuwa linanidondokea mikononi, na pumzi yake ilikuwa na sauti ya kulia, ingawa uso wake haukulia. Kichwa cha tindo kilichanua pande zote, kikakunja kingo zake chini, na hakikutoa hata unga. Nilisikia furaha mbaya. Nilitaka aendelee kupiga mpaka aanguke yeye, mpaka waanguke wote waliokuwa wanatazama.

Hatimaye akaitua nyundo. Akachukua tindo yangu mkononi mwangu, akakitazama kichwa chake, akakipapasa kwa kidole gumba. Kisha akachukua ile nusu ya zamani kutoka kwenye fuawe. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona vizuri tangu siku ya ajali, na nikaona mara moja. Kichwa kilikuwa cha mviringo juu, kimeng'arishwa, na shingo imepunguzwa kidogo ikae vizuri kwenye vidole. Hakuna mhunzi anayefanya hivyo. Mhunzi hapotezi muda kung'arisha kitu kitakachopondwa.

Yule mkubwa alichukua tupa. Akaipitisha kwenye kichwa cha tindo yangu, ikauma, unga ukaanguka. Akaipitisha kwenye kile cha zamani. Tupa iliteleza, ikalia kama kucha kwenye kioo. Aliijaribu tena, kwa nguvu zaidi, ikateleza tena. Chuma kile kilikuwa kimechovywa chote, kichwa na ncha.

Nilifungua mdomo niulize ni nani anayechovya chuma kizima. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, nimeitunga kitandani siku zote zile. Lakini alikuwa ameshanipa mgongo. Alikwenda kwenye kona, akafungua lile gunia, akatoa patasi moja ya kuchongea. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo, kimeng'aa, shingo imepunguzwa. Akapitisha tupa. Ikateleza. Akatoa ya pili. Ikateleza.

Mchonga vinyago hapigi patasi yake kwa chuma. Anaipiga kwa rungu la mti. Kwa rungu la mti kichwa kinaweza kuwa kigumu kama kinavyotaka, hakitadhuru mtu miaka na miaka, kwa hiyo kwao patasi ikishafuliwa inatumbukizwa nzima na kazi imekwisha. Mdogo alikuwa amefua tindo ya ushirika kwa kipande nilichompa mimi, kama alivyofundishwa kufua patasi. Na aliyemfundisha, tangu wakiwa Newala, alikuwa kaka yake. Yule mkubwa alisimama na gunia mkononi, na niliona kwenye uso wake kwamba amelielewa lote, pamoja na nyundo iliyopiga ilikuwa ya nani.

Alizimwaga patasi zote za gunia lile chini. Akaweka moja juu ya fuawe, akaishika kwa mkono wa kushoto, akainamisha uso wake juu yake, akainua nyundo ya chuma akapiga. Kichwa kilipasuka. Kipande kikalia kwenye bati la paa, na watu wakakimbia wakikanyagana mlangoni, mwenyekiti wa kwanza. Akaweka nyingine. Akapiga. Damu ikamtoka kwenye paji la uso. Mdogo alikuwa anamwita, "Kaka, basi, kaka," anamvuta shati, naye anamsukuma kwa kiwiko bila kumtazama na kuinama zaidi, macho wazi, anayatafuta vile vipande.

Nikachukua koleo. Nilimpiga nyuma ya magoti kwa nguvu zote nilizokuwa nimebakiwa nazo, na alipopiga magoti nilimpiga begani, na alipoachia nyundo nikampiga tena, mara ambayo haikuhitajika. Nilikuwa namwokoa na nilikuwa namlipa, vyote pamoja, na vyote vilikuwa vitamu. Alianguka kwa ubavu akabaki vile, kipande cha patasi kimemkaa kwenye mfupa wa shavu chini kidogo ya jicho. Hakujaribu kuinuka. Alikuwa anatazama tu yale magurudumu ya mikokoteni.

Mdogo alikaa chini akakiweka kichwa cha kaka yake mapajani. Alikuwa anamfuta damu kwa ncha ya bendeji yake mwenyewe, iliyokuwa imefunguka. Kibandani tulikuwa tumebaki sisi watatu.

"Nilijua," aliniambia, bila kuinua uso. "Niliijua mkononi nilipoishika. Hospitali nilikuwa najua."

Sikuelewa kwanza. Nilidhani anasema kuhusu kaka yake. Kisha nikaelewa kwamba alijua tindo ile ni yake, na koleo bado lilikuwa mkononi mwangu.

"Walikuja wakakwambia nimepigwa?"

"Waliniambia. Na lori la mgambo. Na jicho."

"Ukanyamaza."

"Wewe ukipigwa unapona, fundi," alisema. "Mie nilikuwa nakuona ulivyo. Huyu angejua, haponi."

Alisema kwa upole, kama mtu anayenieleza jambo la kazi. Nilimchukia vile nilivyokuwa sijawahi kumchukia mtu, zaidi ya mwenyekiti, zaidi ya yule aliyevua viatu anipige, na nilimchukia kwa sababu ubavu wangu ulikuwa umeshaanza kuunga, nilikuwa nausikia, na yule mtu mkubwa pale mapajani mwake alikuwa na shavu limetoboka na hajalishika hata kwa mkono. Niliinua koleo. Mdogo aliliona likiinuka kwa lile jicho lake moja, akainama, akafunika uso wa kaka yake kwa mwili wake, akangoja.

Nililirudisha koleo mahali pake ukutani, nikaenda nyumbani. Kufikia masika nilikuwa nafua tena kama kawaida. Yule mkubwa hakushika tena nyundo wala patasi. Walirudi Newala, na wasafiri wa huko walikuwa wanatuambia kwamba mdogo ndiye anayemlisha, na kwamba kila jioni inabidi zana zote za chuma za nyumba ile zifichwe asizifikie.